Likasi Iliyoigizwa na Afrika Kusini

Katika filamu ya Oppenheimer, iliyotolewa Julai 2023 na kunyakua tuzo 7 za Oscar mwaka uliofuata, kuna bakuli kubwa la kioo, la aina ambayo wenye nafasi hufugia samaki, na goroli zinazodondoshwa ndani yake kidogo kidogo. Kila goroli inasimama badala ya kipimo fulani cha urani iliyokwisha kusafishwa. Bakuli likijaa, bomu la nyuklia litakuwa tayari. Ni ubunifu mzuri, na mwongozaji Christopher Nolan anaurudia ili mtazamaji ahisi muda unavyokwisha bila kuchoshwa na hesabu. Niliitazama filamu hiyo kwenye kompyuta yangu, nyumbani Kamalondo, hapa Lubumbashi, dakika zake zote 180, umeme ukikatika mara mbili, na kila goroli ilipodondoka nilijikuta nikiuliza swali ambalo mtoto yeyote wa Likasi angeliuliza: zinatoka wapi?

Zilitoka kwetu. Mgodi wa Shinkolobwe uko karibu na Likasi, mji niliozaliwa, ambao wakati wa Wabelgiji uliitwa Jadotville. Mawe yaliyotoka humo yalikuwa na urani kwa kiwango cha kama asilimia 65, utajiri ambao Wamarekani hawakuwa nao popote katika ardhi yao. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, alisafirisha zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo hadi kwenye ghala moja la Staten Island, New York, akihofia yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani. Septemba 1942, Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alipokwenda ofisini kwa Sengier kuulizia urani, aliambiwa kwamba mzigo umekwisha kufika na uko ng'ambo ya maji tu. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa katika shimo hilo. Mwaka 1946 Sengier alivishwa nishani na serikali ya Marekani. Waliochimba na kubeba hawakuvishwa kitu.

Basi nilikaa nikisubiri jina. Sikuhitaji tukio zima, wala hotuba, wala muziki wa huzuni. Ningeridhika na karani mmoja anayesoma karatasi ya mzigo na kutamka neno Kongo. Filamu ikaisha, majina ya mafundi yakaanza kupanda, na bakuli likabaki limejaa goroli zisizo na kwao.

Simtuhumu Nolan kwa uongo. Watu wengi wakizungumzia siasa katika filamu hutafuta uongo, na uongo ukikosekana huona kwamba hakuna kesi. Miaka kadhaa ya kutafsiri mazungumzo ya filamu na kuyaandika chini ya picha, kazi inayonilazimu kurudia sekunde ileile mara ishirini, imenifundisha kutazama kitu kingine: ni nini kimewekwa kisimame badala ya nini. Urani yetu iliigizwa na goroli. Na nilipoanza kuangalia kwa jicho hilo niligundua kwamba Katanga yote, na Kongo karibu yote, imekuwa ikiigizwa na vitu vingine na mahali pengine kwa muda mrefu, na kwamba nyuma ya kila uigizaji wa namna hiyo yupo mwenye fedha, mwenye jeshi, au mwenye muhuri.

Aliyenifungua macho ni baba yangu. Alifanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, hadi ilipoporomoka, na mwaka 1961, kijana mdogo bado, alikuwa akiishi Jadotville. Mwaka 2016 Netflix ilitoa The Siege of Jadotville, filamu ya mwongozaji Richie Smyth inayosimulia jinsi kikosi cha askari wa Ireland, kama 155 hivi, waliokuja chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, kilivyozingirwa na jandarmeri ya Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo, pamoja na mamluki wa Kizungu mnamo Septemba 1961, kikapigana siku tano chini ya kamanda Pat Quinlan, kikaishiwa maji na risasi, kikasalimu amri bila kupoteza askari hata mmoja. Nilimletea baba filamu hiyo nikidhani nimemletea zawadi. Alivaa miwani, akaomba sauti iongezwe, akatazama kwa adabu kama anayesikiliza mahubiri. Baada ya robo saa akainua kidole.

“Simamisha kwanza, mama.” Baba huniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake mzazi. “Ile hapana Likasi.”

“Papa, ni filamu tu.”

“Mi najua. Lakini kichuguu kiko wapi?”

Msomaji asiyeijua Katanga hana budi kuelezwa. Huku kwetu vichuguu vya mchwa ni vilima; vingine vina urefu wa nyumba, miti imeota juu yake, watoto huviteleza, na udongo wake ndio hufyatuliwa matofali yaliyojenga nusu ya mitaa yetu. Huwezi kusimama porini kati ya Lubumbashi na Likasi ukatazama upande wowote usione kichuguu. Filamu ilipigwa Afrika Kusini. Nyasi zilikuwa za kwingine, mwanga ulikuwa wa kwingine, na baba, ambaye hajui lolote kuhusu ufundi wa kamera, alilitambua hilo kwa kukosekana kwa mchwa.

Tuliendelea. Aliridhika na bunduki, akacheka kidogo alipomwona mwigizaji wa Moïse Tshombe, rais wa Katanga hiyo iliyojitenga, kisha akanyamaza muda mrefu wakati wa mashambulizi. Washambuliaji wanakuja mawimbi kwa mawimbi na kuanguka mawimbi kwa mawimbi. Upande mmoja tunajua nani ana mke, nani anapenda utani, nani anaogopa. Upande wa pili kuna vifua vinavyopokea risasi. Filamu ilipokwisha baba alisema, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi ambacho siwezi kukinyoosha bila kukiharibu: “Bale bote benye kukufa, hata moya hana jina.” Akavua miwani. Alikuwa na majina mawili kichwani, ya vijana wa mtaa wao, ambayo alinitajia na ambayo sitayaandika hapa.

Sasa, ni haki kusema kwamba filamu hiyo ilikuwa na kazi yake, na kazi hiyo haikuwa yetu. Kwa miongo mingi askari wale walibezwa nchini mwao kwa kuwa walisalimu amri. Wengine wakazeeka na kufa wakiibeba aibu hiyo. Mwaka huohuo wa 2016 serikali ya Ireland hatimaye ilikipa kikosi chao heshima rasmi. Filamu na heshima vilikwenda pamoja, na mtu hawezi kuwanyima wazee wale machozi yao. Ila tazama jinsi mambo yalivyopangwa: ugomvi wa Waireland na serikali yao ulihitaji mandhari, na mandhari hiyo ikawa ni sisi, na hata sisi wenyewe hatukuhitajika, kwa sababu Afrika Kusini ina studio, ina mafundi waliozoea kazi, na ina mpango wa serikali wa kuwarudishia watengenezaji wa filamu wa kigeni sehemu ya gharama zao. Huku kwetu, anayetoa kamera barabarani bila karatasi zenye mihuri ya ofisi tatu au nne ana nafasi nzuri ya kuimalizia siku yake akiandika maelezo mbele ya afisa asiye na haraka.

Utaratibu huu wa mahali kuigiza mahali pengine una ndugu yake mkubwa zaidi, yaani jeshi kuigiza jeshi. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina ofisi maalumu inayoshughulika na watengeneza filamu. Mtayarishaji akihitaji ndege za kivita, manowari au helikopta, anaweza kuazimwa vitu halisi pamoja na wanaoviendesha, kwa sharti kwamba muswada wake usomwe kwanza, na sehemu zinazolichafua jeshi zirekebishwe. Asipokubali, akatafute helikopta zake kwingine. Hakuna anayefungwa, hakuna kitabu kinachochomwa. Ni bei tu, na bei ya kutii ni nafuu kuliko bei ya kukataa. Filamu ya Top Gun ilipotoka mwaka 1986, jeshi la wanamaji liliweka meza za kuandikisha vijana nje ya baadhi ya kumbi. Filamu ya Black Hawk Down ya mwaka 2001 ilipewa helikopta na askari halisi; Mogadishu iliigizwa na Salé, nchini Moroko. Helikopta zilikuwa za kweli na mji ulikuwa wa bandia, na sidhani kwamba kuna sentensi inayoeleza vizuri zaidi nini kilihesabiwa kuwa muhimu.

Mfano unaoniuma zaidi uko umbali wa kilomita 50 hivi kutoka ninapoandika. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa kwa ndege Elisabethville, ambayo ndiyo Lubumbashi, na usiku huohuo wakapigwa risasi porini, mahali panapojulikana leo kama Shilatembo. Raoul Peck, mwongozaji mzaliwa wa Haiti aliyeishi Kinshasa utotoni, alipotengeneza filamu yake ya Lumumba, iliyotoka mwaka 2000, nchi yetu ilikuwa vitani, ikabidi aipige Zimbabwe na Beira, Msumbiji. Mara ya kwanza nilipoitazama nilivumilia kuona Beira ikijifanya Kongo, kwa sababu nilijua sababu yake na kwa sababu mwongozaji alikuwa mtu wa kwetu kwa namna yake. Nilichojifunza baadaye kilinishinda kuvumilia. Katika filamu hiyo mhusika mmoja wa ubalozi wa Marekani anatajwa kwa jina la Frank Carlucci, ambaye kweli alikuwa mwanadiplomasia kijana huko Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, wakati huo, na ambaye baadaye alipanda hadi kuwa waziri wa ulinzi wa Marekani. Alikana kwamba alihusika na njama yoyote. Filamu ilipotayarishwa kwa televisheni ya Marekani, mawakili wakaingilia kati, na jina lake likafunikwa kwa mlio. Mtu alikufa mara moja porini kwetu na hakuna aliyefunika chochote. Jina la afisa mmoja likatamkwa kwenye filamu, nalo likatafutiwa wanasheria.

Mwenye fedha ana namna nyingine ya kukutawala, ya upole zaidi: anaweza kukufanya raia wake. Filamu zinazowania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya kimataifa hupelekwa na nchi, kama timu za mpira. Félicité ya Alain Gomis, iliyopigwa Kinshasa, ikizungumza Kilingala, ikiwa na mwanamke wa Kinshasa katikati yake, ilipata Dubu wa Fedha mjini Berlin mwaka 2017 na Farasi wa Dhahabu wa FESPACO, tamasha la filamu za Afrika, mwaka huohuo, kisha ikapelekwa Marekani kwa jina la Senegal. Augure ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1978, iliyopigwa Kinshasa na hapa kwetu, yenye Kiswahili ndani yake, ilitunukiwa tuzo ya sauti mpya huko Cannes mwaka 2023, kisha ikapelekwa kwenye Oscar na Ubelgiji. Ubelgiji! Nchi ileile iliyotuma makasisi na kamera zao kututengenezea filamu za mafundisho, kwa imani kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda haraka, sasa iliwakilishwa duniani na mtoto wa Lubumbashi mwenye jina ambalo bibi yangu angelisikia angejifunga kitambaa kichwani na kuanza kusali, kwa maana baloji kwetu ni wachawi. Nilifurahi sana siku ile, nisiseme uongo. Nilikaa pia na swali la nani hasa alikuwa akipongezwa.

Wafaransa hulielewa jambo hili kuliko watu wengi, kwa kuwa liliwahi kuwapata. Mei 1946, wakiwa na madeni ya vita shingoni, walitia saini mapatano na Wamarekani, yanayoitwa Blum-Byrnes, ambayo pamoja na msamaha wa deni yalifungulia milango filamu za Hollywood, huku kumbi za Ufaransa zikitengewa wiki 4 tu katika kila miezi mitatu kwa ajili ya filamu za Kifaransa. Waigizaji na mafundi waliandamana. Miezi michache baada ya saini hiyo serikali ilikuwa imeunda taasisi ya filamu ya CNC, ambayo hadi leo hukata sehemu ya kila tiketi, hata ya filamu ya Kimarekani, na kuifanya mtaji wa filamu za nyumbani. Tamasha la Cannes lenyewe lilizaliwa kwa hasira ya kisiasa: mwaka 1938 huko Venice, katika Italia ya Mussolini, tuzo kuu ilipewa filamu ya Leni Riefenstahl iliyotukuza michezo ya Olimpiki ya Berlin, Wafaransa wakaondoka na azma ya kuwa na tamasha lao, wakapanga kulifungua tarehe 1 Septemba 1939, siku ambayo Hitler aliingia Poland. Lilifanyika mwaka 1946. Wakati UNESCO ilipopigia kura mkataba wa kulinda anuwai za kiutamaduni mwaka 2005, nchi 148 zilikubali, na mbili zikakataa: Marekani na Israeli. Kwa hiyo Mfaransa anapomsaidia Mkongo kwa fedha za filamu, anajua anachonunua. Sisi huku tunazipokea filamu za Marekani zikiwa zimetiwa sauti mjini Paris, na nilikuwa mtu mzima kabla sijajua kwamba waigizaji wengi wa utotoni mwangu, wale niliodhani nazijua sauti zao, sikuwahi kuwasikia.

Tangu mwaka 2012 China inaruhusu filamu 34 za kigeni kwa mwaka zigawane mapato ya kumbi zake, na studio ya nje huchukua asilimia 25. Inatosha kuwafanya watu wazima Hollywood wajikague wenyewe kabla ya kuulizwa. Wamarekani walipoirudia Red Dawn, hadithi ya nchi yao kuvamiwa, wavamizi walikuwa Wachina. Filamu ilipokwisha kupigwa, bendera na alama zikabadilishwa kwa kompyuta, na ilipotoka mwaka 2012 wavamizi wakawa Wakorea Kaskazini, kwa sababu Korea Kaskazini haina kumbi za kuogopewa. Hapo unaona kwamba hata uadui unaweza kuigizwa na mwingine.

Filamu ya Kichina iliyoingia nyumbani kwetu haikupitia Hollywood. Mpwa wangu anafanya kazi Kolwezi katika kampuni ya Kichina, na alikuja likizo na Wolf Warrior 2 ndani ya simu. Ni filamu ya mwaka 2017, ya Wu Jing, aliyeiongoza na kuiigiza mwenyewe. Iliingiza zaidi ya yuani bilioni 5.6, karibu zote nyumbani China. Inatokea katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, yenye waasi, maradhi na kiwanda cha Wachina, na shujaa anawaokoa wafanyakazi wa Kichina na Waafrika pamoja, mbele ya mamluki Mzungu mwenye dharau. Wakati fulani msafara unapita katikati ya uwanja wa vita kwa usalama kwa sababu ameinua bendera ya China kwa mkono wake. Mpwa wangu aliipenda. Alisema angalau humo Mzungu anapigwa. Mimi nilikumbuka mawimbi ya Jadotville, kwa maana hapa tena walikuwapo wale wasio na majina, wakianguka nyuma ya mgongo wa mtu aliyekuja kutoka mbali, na tena nchi iliigizwa kwa sehemu na Afrika Kusini. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba mimi naharibu kila filamu, jambo ambalo ni kweli.

Ningekuwa mnafiki kama ningeishia kwa wageni. Watu wa umri wa kaka zangu wakubwa wanakumbuka televisheni ya Zaire ilivyofungua taarifa ya habari kila jioni kwa sura ya Mobutu ikishuka kutoka mawinguni. Hakuna studio ya California iliyothubutu kumpa mteja wake nafasi ya namna hiyo. Na mwaka 2015 serikali ya Kinshasa ilipiga marufuku filamu ya Thierry Michel na Colette Braeckman kuhusu Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, anayewatibu wanawake waliobakwa vitani, ikidai kwamba maneno ya mashahidi yaliyosemwa kwa Kiswahili yalipotoshwa katika tafsiri ya Kifaransa ili kulichafua jeshi. Katazo liliondolewa baada ya wiki kadhaa, lakini sababu yake ilinikaa kooni. Serikali ambayo haikuwahi kuonyesha kwamba Kiswahili cha mama wa Kivu kina uzito wowote, ghafla ilikuwa na masikio ya kila silabi yake.

Na mimi? Miaka michache iliyopita kikundi cha watengeneza filamu kutoka Ulaya, ambacho sitakitaja, kilinichukua niwatafsirie karibu na Kolwezi, katika familia ya mmoja wa wachimbaji wa mikono wa kobalti. Mama wa nyumba alikuwa ameambiwa siku moja kabla. Alikuwa amefagia uwanja ukabaki na mistari ya ufagio, amevaa kikwembe kipya cha buluu, na sebuleni friji yake ilikuwa imefunikwa kitambaa alichokishona kwa mkono, na juu ya friji, ndani ya fremu, ilikuwa diploma ya taifa ya binti yake. Mwongozaji alizunguka chumba akitabasamu. Kisha akaniomba, kwa sauti ya chini na ya heshima kabisa, nimwombe mama asogeze friji nje ya picha, aiweke chini ile fremu kwa sababu kioo kinarudisha mwanga, na kama inawezekana, avae nguo anayovaa siku za kazi.

Mimi ndiye niliyetafsiri. Nilichagua maneno laini, nikasema mwanga unasumbua. Mama alishika fremu kwa mikono miwili, akaitazama, akaniuliza kama wangeipiga picha baadaye, peke yake. Nilisema ndiyo. Hawakuipiga. Filamu ilitoka, nikaiona. Sebule ina ukuta mtupu, na mama anasema kwa Kiswahili sahihi kabisa mambo ya kweli kabisa kuhusu vumbi na kikohozi cha mumewe, na maandishi chini ya picha, niliyoyaandika mwenyewe, hayana kosa hata moja.

Ndiyo maana mwaka jana vijana watatu wa Katuba waliponiomba niwasaidie kwa muswada wa filamu yao fupi, nilikwenda nikiwa na hotuba nzima tayari kichwani, kuhusu vichuguu na mama wasiohamishiwa friji. Hawakuihitaji. Hadithi yao ni ya kijana anayerudishwa kwa nguvu kutoka Ubelgiji, na tatizo lililowakosesha usingizi lilikuwa la kiufundi: tukio la kwanza linatokea kwenye uwanja wa ndege wa Brussels, mwezi wa Januari. Walikuwa wameomba korido ya ghorofa ya pili ya jengo moja la ofisi katikati ya mji, yenye vigae vyeupe na taa ndefu za dari, kwa Jumapili moja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane. Walinzi wawili wa mpakani waliigizwa na binamu zao waliopakwa unga kidogo usoni na kupigwa picha kwa mgongo tu. Kibao cha Kiholanzi walikichapisha kwenye duka la fotokopi, na walikuwa wamekipeleka kwanza kwa sista mmoja mzee wa Kibelgiji akihakikishe tahajia.

Ilikuwa Oktoba, mwezi wetu wa jua kali kabla ya mvua. Mwigizaji mkuu alivaa koti zito la manyoya lililoazimwa kutoka kwa muuza mitumba wa soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, na kofia, na skafu iliyozungushwa mara mbili. Baada ya kila kipande kilichopigwa picha mmoja wao alimkimbilia na taulo, akamfuta jasho shingoni, akampulizia uso kwa kipande cha boksi, na mshika simu akapaza sauti kwamba tafadhali, kaka, kumbuka kutetemeka, huku ni Ulaya.